Mikate Haikumngoja Mkwe

Assalaam aleikum, ndugu zangu, na ashukuriwe Mola aliyetukutanisha hapa Galu tukiwa wazima. Mwalimu wetu ameniomba, kabla hatujasoma dua, niwaeleze vijana walioachishwa kazi namna Mungu alivyonitoa mimi. Nitasema, na wanijuao wanajua nikianza sinyamazi upesi.

Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Diani, nyumba ya ufukweni. Bwana yule alikuwa mpenda mikate. Kila asubuhi nilimwokea mipya, na wageni wake walitoka Mombasa kuja kuila. Wahenga walisema mtegemea cha ndugu hufa maskini, seuze mtegemea cha Mzungu! Mambo ya bara yalipochafuka, tukasikia Wazungu wanauawa huko mashambani, akaingiwa na hofu, akauza nyumba, akarudi kwao Ulaya. Aliyeinunua alikuja na mpishi wake. Mimi nikapewa makopo ya kuokea mikate, na kwaheri.

Ndugu zangu, kukaa bila kazi kunauma. Nilikwenda Matuga kwenye ofisi za serikali, nikaambiwa hakuna nafasi. Nikazunguka majumba ya Wazungu, jibu likawa lile lile. Nyumbani mchana muhogo, usiku muhogo. Mke wangu Mwanasha hakunung'unika, lakini habari zilifika kwao Majoreni, na mama yake akaleta salamu kwamba anakuja kumchukua mwanawe, hakumzaa aje afe njaa kwa watu. Mwanasha akafunga mzigo wake huku analia, maana neno la mama halipingwi. Nilimpenda mke yule, na hata leo nampenda. Nami nililia, sioni haya kusema.

Basi alfajiri moja nilisali, nikamwomba Mola: Ya Rabi, usinipe tena kazi ya mtu, nipe yangu. Wallahi nilipoinuka kwenye msala jambo likanijia wazi. Mikono iliyokuwa ikioka ile mikate ninayo mimi. Aliyeondoka ni Mzungu na jiko lake tu. Nikachimba udongo wa kichuguu, nikajenga tanuri uani. Saa yangu ya mkono nikaipeleka dukani Msambweni, nikarudi na unga na hamira.

Watu walicheka. Mwanamume akipika kwa Mzungu, hiyo ni kazi. Akipika uani kwake, hiyo ni fedheha. Jirani mmoja akaniuliza kama buibui nimeshanunua. Nikamwambia aonje kwanza, kisha anitafutie posa.

Mikate ya kwanza iko motoni, nikasikia hodi. Ni mkwe! Nanyi mwaijua adabu yetu: mama mkwe akiingia, mume wa binti hupisha, huenda nyuma ya nyumba, hamtazami usoni, wala hawali mmoja mbele ya mwenzake. Mimi niko kifua wazi, unga hadi kwenye nyusi, nimejifunga leso ya mke wangu. Nikikimbia, mikate inaungua, na unga mwingine sina. Nikabaki.

Mama akageukia ukuta. "Mwanasha, mwambie huyo mwanamume apishe."

Nami nikageukia tanuri. "Mwanasha, mwambie mama aniwie radhi. Nikiondoka, mikate itaungua."

Maskini Mwanasha, amesimama katikati, na hakuna aliyemngoja aseme. Nikaitoa mikate. Ilikuwa imeiva rangi ya korosho za kukaanga, na harufu ikajaa uani kote. Nikamsikia mama akinusa. Kisha akauambia ukuta, "Mwanasha, hebu nikatie kipande. Kidogo."

Akaenda nacho nyuma ya nyumba, kwa kuwa hawezi kula mbele ya mkwewe. Mimi nikabaki na Mwanasha na ule mzigo wake mlangoni, namwomba Mungu kwa kila jina lake nilijualo. Mara sauti ya mama ikatoka huko nyuma.

"Mwanasha, nifungie mmoja mzima nikawaonjeshe watu wa Majoreni. Na mzigo wako, mwanangu, ufungue."

Mungu si Athumani, ndugu zangu. Yule Mzungu angebaki, hata leo ningekuwa naoka kwake, na ndoto ya tanuri langu nisingeiota. Kijana uliyeachishwa kazi, usishinde kwenye lango la bwana ukingoja akuite tena. Mwombe Mola, kisha itazame mikono yako inajua nini, uanze watu wakiwa bado wanacheka. Riziki yako haikuondoka na tajiri wako, nakuapia.

Mikate yangu leo inakwenda mpaka Majoreni, na anayeiuza huko ni mkwe wangu mwenyewe. Yuko hapa, upande wa wanawake, ananisikia. Hatujapata kutazamana usoni hata siku moja, na faida tunagawana sawa kwa sawa. Haya, tuinue mikono tumshukuru Mungu.