Maji ya Mwaka wa Bila Chumvi

Benchi yetu iko Mikelenge, hapa Kindu, pale barabara inashuka kwenda mtoni Lualaba, kati ya meza yangu ya kutengeneza kinga, yaani baiskeli, na mbabula ya Mama Bitota, jiko lake la makaa. Ni mbao moja nzito ya reli, imelazwa juu ya mawe, na hakuna muntu anauliza ilitoka reli namna gani. Mi wananiita Kiraka, juu ya kazi ya kubandika viraka kwenye mipira ya kinga, na kama unataka ukweli, asubui mi sipendi kelele. Ile asubui Mama Bitota alimimina kahawa bila kusalimia muntu, na sote tulijua sababu. Jana watu wa mipango ya mji walipanda vijiti vya kupimia, pikete nyekundu, ndani ya kiwanja chake. Maji ya mvua iliyopita ilifika kwenye mulango wake, na sasa wanatafuta fasi, mahali maji ilifikaka juu kabisa tangu zamani, wapige mustari pale. Nyumba iko chini ya mustari, itaondolewa. Nyumba iko juu, watajenga ukuta wa mawe mbele yake na mwenyewe atabakia. Nyumba ya Mama Bitota iko chini ao iko juu, hakuna muntu anajua bado.

Kilo njo alianza. Jina lake ni Daddy, alichimba kasiterite, mawe ya bati, kule Pangi mpaka mugongo ukakataa.

Kilo: Mi nawaambia, hii maji haitoki juu. Ni udongo. Tulichimba sana. Kule Pangi chini kumebakia mashimo tupu, inchi imekuwa mwepesi. Sasa inaelea.

Mimi: Inaelea juu ya nini?

Kilo: Juu ya maji! Si njo hiyo naeleza?

Mimi: Kama inchi inaelea, nyumba ya Mama ingepanda pamoja na maji. Haingeloa.

Kilo: Nyumba yake ni ya matofali. Ni nzito.

Mama Bitota: Kunywa kahawa yako, Daddy.

Akikuita jina lako la kweli, nyamaza. Kilo akakunywa. Lakini Profesa alikuwa ameisha kuweka kikombe chini, na Profesa akiweka kikombe chini ujue tutateseka. Ni Tharcisse, alifundisha jeografia darasa la tano mpaka mushahara ukapotea njiani.

Profesa: Daddy anaongea kama muntu hakusoma. Maji inafuata mwezi, hiyo inajulikana dunia nzima. Sasa wazungu wameweka miezi mingine kule juu, midogo midogo, ya chuma. Satelite. Zinapita usiku na muchana, zinapiga picha pori letu. Zamani mwezi ulikuwa moja, ulivuta maji kidogo. Leo miezi iko maelfu. Yote inavuta.

Kilo: Na sababu gani haivuti kahawa yangu?

Profesa: Kikombe ni kidogo. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Maana yake, maji inaanza kwa kibaba, mwisho iko mulangoni kwa Mama.

Mimi: Profesa, ile ni methali ya kuweka akiba.

Profesa: Na mafuriko ni nini? Si akiba ya mvua?

Nikarudi kwa kinga yangu. Ukibishana na mwalimu hana mushahara, we njo utalipa.

Muzee Gédéon alikuwa anatusikiliza macho yamefungwa. Tunamwita Shefu Gare. Maisha yake yote alikula kwa kazi ya reli, na hata leo, treni inakaa mwezi mzima bila kufika, kila siku anashuka gare, kwenye stesheni, kutazama kama kuna habari.

Shefu Gare: Nitawaambia kitu moja, na musinichekee. Pale bandari, pembeni ya gati, ilikuwa vipande vya chuma vyeupe, vimesimama ndani ya maji, vimeandikwa namba. Moja, mbili, tatu, mpaka juu. Wabelgiji waliweka. Kila asubui muntu wa kazi anaenda kusoma.

Kilo: Anasoma nini?

Shefu Gare: Maji! Anaangalia maji iko kwa namba gani, anatuma habari. Mpaka Kinshasa walijua Lualaba ya Kindu imeamuka namna gani. Sasa vita ikaingia, watu wakang'oa. Chuma nzuri ile. Wengine walitengeneza mbabula. Na Félicien, yule wa kona ya pili, alipigilia moja kwenye mulango wake, namba saba, kwa sababu nyumba yake haikukuwa na namba. Mpaka leo muntu wa kodi anaiita parseli saba. Sita haiko. Nane haiko.

Tulicheka. Hata mimi. Mama Bitota hakucheka.

Shefu Gare: Chekeni tu. Lakini tangu zile namba zilitoka, maji haijui tena fasi ya kusimama. Zamani ilikuwa inapanda, inaona namba tano, inasimama, inarudi nyumbani. Ilikuwa na heshima. Sasa nani ataiambia basi?

Kilo: Kwa hiyo tukirudisha saba ya Félicien, maji itashuka?

Shefu Gare: Ukirudisha saba peke yake, itapanda mpaka saba. Lazima urudishe zote.

Profesa: Na vita, musiisahau vita. Wahenga walisema, damu ni nzito kuliko maji. Damu yote ilimwangika hapa ilizama chini, ikasukuma maji juu.

Ile methali hakuna muntu aliisahihisha. Tulikuwa tumechoka, na kahawa ilikuwa chungu.

Mama Bitota: Mumemaliza? Mi nataka kujua kitu moja tu. Mvua ikirudi, nitalala wapi? Mumekaa hapa tangu jua kutoka, hakuna hata mumoja ameniambia nifunge vyombo ao nibakie.

Njo pale musichana mumoja alipanda kutoka mtoni, na mufimbo murefu wa kupimia begani, mwekundu na mweupe, na matope mpaka magoti. Jina lake Déborah, anasoma mambo ya udongo na maji kwa iniversite, ametoka Kisangani, na jana alikuwa pamoja na wale watu wa pikete. Mama Bitota alimutazama vile unatazama mbuzi ya jirani ndani ya sombe yako ya muhogo. Lakini akamumiminia kahawa. Mugeni ni mugeni.

Déborah: Jambo, papa wote. Jambo, mama.

Mama Bitota: Kaa. Kilo, sogea.

Déborah: Asante. Mama, najua ile pikete imekuuma. Mi si muntu wa kubomoa nyumba. Mi natafuta kujua tu.

Mama Bitota: Basi umefika fasi yenyewe. Hawa wanajua yote.

Alisema vile bila kucheka. Déborah hakujua kama ni muchezo, akageuka kwetu na adabu yake yote.

Déborah: Vipimo vya maji ya Kindu viko. Vimeanza wakati wa Wabelgiji, vinaendelea, vinaendelea, halafu vita inafika, vinakatika. Miaka yote ile, karatasi ni nyeupe. Na kule juu ya mto wazee wananiambia mwaka moja wa vita maji ilikuwa mingi, hawajaona vile tena. Ile maji lazima ilipita hapa. Ni ule mwaka munauita wa bila chumvi.

Tunauita vile. Barabara zote zilifungwa, treni ilikufa, na sombe ilipikwa na majivu badala ya chumvi. Muntu wa Kindu ukimutajia mwaka wa bila chumvi, hata kama anacheka, atakoma.

Déborah: Ule mwaka, maji ilifika wapi?

Shefu Gare: Ilifika gare! Ilifunika reli, hukuona hata moja.

Kilo: Gare wapi! Ilivuka barabara, ikaingia soko. Samaki walipanda kwenye meza wenyewe.

Profesa: Munadanganya mutoto wa watu. Ule mwaka maji haikufika hata kwa mulango wa Mama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Maji njo mugeni, haikukuja, wenyeji wakapona.

Déborah: Papa, we uliona na macho?

Profesa: Nilifahamu.

Déborah: Lakini ulikuwa hapa?

Profesa akachukua kikombe chake. Kilikuwa tupu, akakunywa vile vile.

Profesa: Nilikuwa pori. Njia ya Punia. Pamoja na watoto.

Déborah: Na we, papa wa reli?

Shefu Gare: Mi niliondoka na treni ya mwisho. Nilirudi vita imekwisha.

Kilo: Musinitazame mimi. Nilikuwa ndani ya shimo, Pangi, nachimba, na mwenye bunduki amesimama juu yangu. Ningeona Lualaba namna gani?

Mimi hakuniuliza. Nilisema mwenyewe. Nilisema nilivuka na mutumbwi mpaka Alunguli, ngambo ya mto, na kutoka pale nikaingia pori, na mutoto mugongoni, na siku ile sikutazama maji, nilitazama nyuma. Miaka yote tumekaa juu ya hii mbao tukielezana vita ya Kindu, nani alipiga, nani alikimbia, bomu ilianguka wapi, na kumbe hakuna hata mumoja kati yetu alikuwa Kindu. Niliona haya. Kwa umri wangu, haya inachokesha.

Déborah: Kwa hiyo hakuna muntu alibakia?

Mama Bitota: Mume wangu alibakia.

Alikuwa anasukuma makaa na kijiti. Hakuinua kichwa.

Mama Bitota: Kalume. Alifanya kazi ya reli na huyu muzee. Nyumba ilikuwa imepata mabati mapya, akasema hawezi kuwaachia wezi. Akasema, nendeni na watoto, mambo ikipoa mutarudi. Tulirudi. Tulimukuta amezikwa nyuma ya jikoni. Kofia yake ya reli ilikuwa juu ya kijiti, njo nilijua ni yeye.

Shefu Gare: Eh, Kalume. Eh, Mungu wangu.

Déborah: Pole, mama. Pole sana.

Mama Bitota: Ni zamani. Sasa niambie we. Kama hakuna muntu aliona, mustari mutaweka wapi?

Musichana alichelewa kujibu, na mi nilimuheshimu juu ya kuchelewa kule. Wengine wangesema watafanya mukutano.

Déborah: Sitakudanganya, mama. Kama hatujui, tunaupeleka mbali, maji isiue watu. Utapita nyuma, kwenye ukuta wa jirani.

Mama Bitota: Kwa hiyo nyumba inatoka, na jikoni inatoka. Na kaburi?

Déborah: Inabakia upande wa maji.

Kilo alisimama, kahawa ikamwangika.

Kilo: Apana! Sema haikufika! Sema mi nilikuwa hapa, niliona na haya macho, maji iliishia kule chini kwa mitumbwi. Nani atakataa?

Shefu Gare: Sema na mimi pia niliona. Mi ni muzee, wataniamini.

Profesa: Mashahidi watatu. Hata kwa tribinali inatosha.

Mama Bitota: Nyamazeni.

Kilo: Mama, tunakusaidia.

Mama Bitota: Nimesema nyamazeni! Na siku maji itakuja usiku, wajukuu wangu wamelala mule ndani? We Daddy, utakuja kuwatoa? Wewe hujui hata kuogelea. Munataka nizike wengine pale, juu ya uongo yenu?

Kilo akakaa. Sijawahi kumuona amekaa polepole vile. Pikipiki ilipita, vumbi ikatushukia kwenye vikombe, hakuna muntu alifunika chake. Déborah alikuwa ameshika mufimbo wake kati ya magoti, anawaza. Halafu akauliza, na sauti ya chini, kama mutoto anauliza mama yake.

Déborah: Mama, ni nani alimuzika?

Kila siku tunakunywa kahawa ya huyu mama. Kaburi tunaijua. Siku ya kuikumbuka tunaenda, tunakula muchele wake, tunarudi. Na hata siku moja hakuna kati yetu alimuuliza ile.

Déborah: Sababu yule muntu alikuwa hapa. Alichimba. Anajua udongo ilikuwa kavu, ao shimo ilikuwa inajaa maji. Kama yuko muzima, nitamutafuta, hata kama ni Punia, hata kama ni ndani ya pori kabisa.

Mama Bitota: Simujui. Niliuliza majirani, wote walikuwa pori, kama hawa. Niliuliza askari. Niliuliza mapadri, niliuliza mashehe. Mwisho nilichoka, nikaacha.

Alitoa birika kwenye moto, akaiweka chini, akajifuta mikono kwa kitenge.

Mama Bitota: Ukimupata, mwanangu, usianze na mambo ya maji. Muulize kwanza kama alimufunika uso kabla ya kumwanga udongo.