Ngurumo Avua Buti

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuendesha jenereta ya hospitali yetu, Fundi Ngurumo anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Sisi wa chumba cha kufulia, majirani zake wa ukuta, ndio tulioombwa tumzungumzie.

Jina hilo alilipata kwa sababu jenereta ilimla masikio. Ngurumo akikunong'onezea siri, hata chumba cha maiti wanaisikia.

Ufunguo wa jenereta aliuvaa shingoni, mpaka kwenye harusi ya mwanawe. Mkewe anasema alilala na buti miaka yote hiyo, umeme usije ukakatika akaanza kutafuta viatu. Kule wodini kuna watoto njiti kwenye mashine za joto, na mtoto njiti hamngoji mtu avae soksi.

Zilipokuja paneli za sola juu ya paa, na zile betri kubwa kama makabati, hakuziamini. Kitu kinachofanya kazi kimya, alisema, utajuaje kama kimekufa? Muda wake wa kustaafu ukafika, akagoma. Haondoki mpaka umeme ukatike kweli na aone kwa macho yake betri zimeshika. Mimi ninayewaandikia haya nilimuunga mkono kwa moyo wote, maana mjukuu wangu alikuwa ndani ya mashine mojawapo, mwili wote kama kiganja cha baba yake.

Basi mchana mmoja wa mvua, mawingu mazito, jua hata dalili, mtaa mzima ukazimika. Ngurumo akatimka, buti zikirusha matope, mimi nyuma yake na shuka lililolowa begani, roho mkononi. Akatia ufunguo. Kabla hajauzungusha akageuka, na madirisha yote ya wodi yalikuwa yanawaka. Muuguzi akachungulia akimuuliza babu anakimbizwa na nani.

Alisimama palepale, mkono kwenye ufunguo, mpaka umeme wa mtaa uliporudi jioni. Wodini hakuna taa iliyopepesa. Ndipo akakaa kwenye ngazi, akavua buti zote mbili, akanyoosha vidole. Mimi nalia tu. Akaniinamia, akaninong'oneza kwamba mtoto yuko salama.

Hospitali nzima ikapiga makofi.

Asante, fundi wetu, kwa kila ulipotukimbilia. Mjukuu yuko nyumbani, ananenepa. Tunakutakia maisha mema na usingizi wa miguu mitupu. Umeme ukikatika, baba, geukia upande wa pili, ulale.