Ruweyda Alio Bulle na Chembe Isiyoacha Alama (1956–1998)

Cheti cha Dkt. Ruweyda Alio Bulle kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1956, kama vyeti vya wengi wetu huku. Mama yake, Bi Arbia, anasema hayo ni ya karani tu. Ruweyda alizaliwa wakati wa mvua za gu, yaani masika, karibu na Tarbaj, siku ambayo ngamia walikuwa wameshafungwa mizigo na familia inataka kuhama. Alikuwa binti wa kwanza wa marehemu Mzee Alio Bulle, mfanyabiashara wa mifugo.

Alianza shule Wajir mwaka 1963. Baba yake alimpeleka kwa kuwa nyumbani alikuwa hatulii. Akipewa mbuzi awachunge, walirudi wenyewe na yeye yuko kwingine. Darasani nako aliuliza mpaka mwalimu akachoka. "Kaa chini, Ruweyda. Mengine utauliza kesho." Akajibu, "Kesho nitakuwa na mengine, mwalimu." Alisoma sekondari Nairobi, na mwaka 1979 akapata shahada ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mwaka 1980 alikuja kufundisha wasichana hapa Garissa, na mwaka uliofuata akaolewa na Bw. Nuh Salah, afisa wa afya. Walijaliwa watoto wawili, Habibo na Abdimalik. Mwaka 1985 alipata ufadhili wa kusoma Ulaya. Jamaa walikaa kikao, wengi wakakataa. Nuh akasema, "Nikimzuia atakaa, lakini nitakuwa nimemuoa nusu." Watoto wakabaki na baba yao na bibi yao, Bi Arbia, mtaani Waberi. Kila likizo Ruweyda alirudi, na kila aliporudi, wiki ya kwanza hakulala vizuri na wiki ya mwisho hakula. Huko aliwawaza watoto, huku aliiwaza kazi.

Kazi yenyewe wengi mmeiuliza. Baada ya kupata shahada ya uzamivu mwaka 1989, alijiunga na maabara kubwa karibu na Geneva. Huko chembe ndogo mno huzungushwa ndani ya handaki la duara, kisha hugonganishwa. Wanafizikia walikuwa wanatafuta chembe iitwayo Higgs, ambayo inasemekana ndiyo sababu ya chembe nyingine kuwa na uzito. Haidumu. Ikitokea tu inavunjika, na wao huitambua kwa vipande vyake. Wengi waliitafuta kupitia vipande vilivyotarajiwa. Ruweyda aliuliza swali lake: je, kama wakati mwingine inavunjika kuwa vitu ambavyo mtambo hauwezi kuviona kabisa? Hapo ungebaki na pengo tu, nguvu iliyoingia isilingane na iliyoonekana kutoka. Na likithibitika pengo hilo, basi ulimwengu una vitu ambavyo vitabu havijavitaja. Alilifuata swali hilo miaka yake yote iliyobaki.

Mwaka 1995 yeye na wenzake waliona migongano michache yenye pengo la namna hiyo. Maabara ikachangamka. Kiongozi wa kundi lao alitaka matokeo yatangazwe kwenye mkutano wa kiangazi. Ruweyda alimpigia Nuh simu. "Nafikiri tumekiona."

"Unafikiri au unajua?"

Aliahirisha likizo, akachambua upya. Akagundua kwamba kila mara pengo lilielekea upande mmoja, mahali ambapo sehemu mbili za mtambo hazikufunga sawasawa. Chembe za kawaida zilikuwa zinapenya hapo bila kunaswa. Alisimama mbele ya watu ambao tayari walikuwa wameanza kupongezana, akasema kwamba hakuna kitu. Kiongozi wake hakumsemesha kwa muda mrefu. Alipofika Garissa alikuwa amekonda.

Mama yake alimuuliza, "Miaka yote hii mnakitafuta, na hamjakiona?"

"Hatujakiona, hooyo," akamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

"Na mkikikosa kabisa?"

"Tutakuwa tumejua mahali ambapo hakipo."

Bi Arbia alifikiri. "Hiyo nayo ni kazi," akasema. "Rudi ukaifanye."

Alirudi. Kwa njia aliyoibuni ya kuondoa kosa hilo la mtambo, kundi lao lilipima upya data yote, na wanafunzi wake wanaitumia hadi leo.

Desemba 1997 alikuja likizo, mvua kubwa zikafunga barabara ya Nairobi. Mkutano wa Geneva ulikuwa unakaribia. Alishinda akienda posta kutafuta laini ya simu, akirudi, akienda tena. Mbuzi wa nyumbani walipoanza kutupa mimba na kufa, alisaidia kuwahudumia. Homa inayotoka kwa mifugo wagonjwa ilimshika mwanzoni mwa Ramadhani. Nuh, ambaye alikuwa ameona wagonjwa wengi wa homa hiyo, alimpeleka hospitali siku hiyohiyo, lakini akaanza kutokwa na damu. Ndege ya misaada iliposikika ikitua, alimuuliza Habibo, "Ina nafasi?" Habibo akamwambia, "Ipo, hooyo. Pona kwanza." Alifariki Jumatatu tarehe 12 Januari 1998, mumewe akiwa amemshika mkono, akazikwa jioni hiyo hapa Garissa.

Ameacha mume wake Nuh Salah. Watoto wake Habibo na Abdimalik. Mama yake Bi Arbia. Na mdogo wake Sharifo Alio, anayewasomea maneno haya. Ameacha pia wanafunzi, hapa na Ulaya.

Bi Arbia ameomba jambo moja lisemwe mbele ya watu wote, kwa sababu amesikia mengi sokoni miaka hii: binti yake hakupotelea Ulaya. Alikuwa kazini.

Mola ampokee kwa rehema, alale kwa amani. Amin.