Toboeni Mapipa ya Bluu

Sogeeni, wanangu, na wewe Philomena zima hiyo redio, maana sauti yangu haiwezi tena kushindana na kitu. Daktari wa Kolandoto aliposema nirudi nyumbani nikapumzike, nilimwelewa, na nyinyi mlimwelewa, basi tusidanganyane. Nilipanga kuwaita Jumapili baada ya misa, lakini tangu jana alasiri harufu ya rangi mbichi inaingia kwa dirisha hili, na harufu hiyo nimeikimbia miaka kumi na saba. Eustace, usiiname. Najua ni yale mapipa saba yaliyokuwa na dawa ya pamba, najua umeyapaka bluu, na najua kesho anakuja mtu wa kijiji cha Didia kuyachukua wakawekee maji ya kunywa, kwa kuwa ukame umewakaushia visima.

Hilo nitalifikia. Kwanza mjue mnachorithi, msije mkala wali wa matanga yangu huku mmenuniana. Watu hutucheka, ati kampuni ya takataka. Wacheke. Mimi na marehemu Girish, ambaye kwao walikuwa na duka la vitambaa, tulianza na mkokoteni mmoja wa ng'ombe mwaka ule trekta la kuzolea taka za mji lilipolala kwa kukosa dizeli, na sokoni maganda ya miwa na vichwa vya samaki vilikuwa vimefika magotini. Mama yenu Euphrasia, Mungu amrehemu, akasema nimerogwa, niache shamba la pamba nikazoe uchafu wa watu! Lakini kwetu kopo liliingia likatoka koroboi, tairi likatoka viatu vya katambuga, na mabaki ya soko yakalisha bustani za mchicha mji mzima. Mwaka jana walipokuja kusaka walanguzi, walifungua ghala wakitafuta sukari iliyofichwa wakakuta visoda, na askari mmoja akaomba radhi, akaondoka na koroboi. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma.

Donatus, wewe mkubwa, chukua mikokoteni na kazi ya soko, na usiwapige ng'ombe. Philomena, mizani na chupa ni vyako, wala asikuambie mtu kwamba mwanamke harithi yadi, kwa sababu nyinyi wote mmesoma kwa chupa alizoosha mwanamke. Eustace, wewe nakuachia tindo na nyundo. Umenung'unika miaka yote kwa nini kila pipa la dawa lazima litobolewe kitako kabla halijatoka hapa, kwa nini tulikate majiko na milango wakati pipa zima lingechukuliwa siku hiyohiyo. Nilikuwa nikijibu, ndiyo desturi ya yadi. Sasa sikiliza desturi hiyo ilikotoka, maana mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kimeshafika mlangoni.

Mwaka wa sitini na saba tulinunua vyuma vya mgodi mmoja uliokuwa umefungwa huko upande wa Geita, na ndani yake mapipa ya dawa ya kuoshea dhahabu, yamechorwa fuvu la kichwa. Girish akasema, "Athanas, toboa yote, hata moja usilibakize," kisha akasafiri kwenda Mwanza. Mimi nikaona uchungu kuharibu pipa zuri namna ile. Nikaliosha moja kwa majivu mara tatu, nikaingiza kichwa nikanusa kama mama anavyonusa kibuyu cha maziwa, nikasema kisichonuka ni safi. Ndivyo tulivyofunzwa nyumbani, na kwa maziwa ni kweli. Lile fuvu nikalipaka rangi ya bluu. Akalichukua mchimbaji wa Kalangalala, Gregory, mkewe Paskazia akaliweka chini ya michirizi ya bati akinge mvua.

Baada ya wiki mbili nilipita tena, nikakuta kilio. Mtoto wao alikuwa wa miaka minne. Nikaliona pipa langu pale ukutani, rangi imebanduka, fuvu linanitazama. Nilifungua mdomo, wanangu, nawaapia niliufungua, lakini watu walikuwa wameshapata jibu lao. Kulikuwa na mjane jirani, macho mekundu kwa moshi wa kuni, naye asubuhi ile alikuwa amempa mtoto kiazi, basi wakamwita mchawi. Nyumba yake ilikuwa inawaka. Nikaogopa. Nikasema pipa linavuja, nikalichukua, na yule mjane nikamkuta njiani na kanga moja nikampakia juu ya vyuma, nikamleta kwangu.

Ndiye huyu. Huyu aliyewalea mkimwita shangazi, huyu aliyeketi hapo mlangoni na kisu cha viazi mkononi. Mama yenu alikufa akiamini ni dada yangu wa ukoo. Miaka kumi na saba anaosha chupa zangu na kuniombea, akinishukuru kwamba nilimwokoa. Paskalina, mimi ndiye niliyekuchomea nyumba. Nilikupa chakula kwa sababu nilishindwa kukusafishia jina lako. Usi... basi, toka. Toka, mama, una haki. Mwacheni apite.

Maji, Philomena. Kidogo tu.

Sikilizeni. Donatus, ukishanizika, mpeleke Paskalina kwao Kalangalala. Kama Paskazia, mama wa yule mtoto, yu hai, simama mbele yake na mbele ya majirani wote, useme aliyemuua mtoto ni baba yangu, Athanas wa Shinyanga, na pipa lake. Usipunguze neno. Wakitaka kunilaani, waache walaani, kaburi halivunjiki kwa maneno. Paskalina arudi hapa au abaki kule, apendavyo yeye, na chumba chake asiguse mtu.

Na wewe Eustace, sikukasirikii. Umenusa, hukusikia kitu, ukasema ni safi. Ni mimi kabisa. Lakini huko Didia wana watoto... Mwambie mgeni tutampelekea maji kwa mkokoteni, bure, mpaka mvua. Mnisaidie hilo. Mungu awape mikono isiyoona haya kuokota... na midomo isiyochelewa kama wangu. Mpendane. Nawabariki wote watatu, na wajukuu... na...

Sasa nenda kayatoboe. Nataka nisikie kabla...

Ah. Hiyo nyundo. Moja. Umefanya vyema, Eustace... Mbili...

Lakini Eustace, mbona mkono wako bado ninao? Donatus? Nyote mko hapa. Nani basi...

Tatu. Anapiga polepole. Anapumzika, anapiga tena.

Wabeja, Paskalina, asante. Wabeja, mama... Fungueni dirisha.