Viti vya Kanisa la Kwanza

Benchi la kijiwe cha kahawa liliegemea ukuta wa karakana ya Fundi, nalo lilikuwa na kilema chake: miguu yote imesogea katikati, kwa hiyo anayekaa ncha ya huku anaishi kwa hisani ya aliyekaa ncha ya kule. Fundi mwenyewe ndiye aliyelitengeneza enzi za kujifunza kazi, na kila mteja akija yeye huomba Mungu asiulizwe ni la nani. Asubuhi ile alikaa pale katikati, penseli sikioni, kahawa imempoa mkononi. Alikuwa na miezi miwili tangu aokoke. Kanisa lilitaka viti vipya, naye akaamua kutoa mikono yake bure, sadaka yake ya kwanza kwa Bwana. Mchungaji akamwambia neno moja tu, “Tengeneza kama kanisa la kwanza,” akaenda zake safari. Leo mchana anarudi kukiona kiti cha kwanza, na Fundi hajakata hata ubao mmoja. Alikuwa anaogopa, jamani. Ubao ukishakatwa hauna toba.

— Ndugu zangu, nisaidieni, alisema Fundi. Kanisa la kwanza, lile la mitume, walikalia nini?

Wenzake wa kijiweni wakamdakia wote kwa pamoja.

— Kisichoandikwa hakifanywi! alisema mzee Itifaki, karani mstaafu anayezijua aya kwa namba kama wengine wanavyojua namba za simu. Matendo ishirini, tisa. Yule kijana Eutiko alikaa wapi? Dirishani! Ghorofa ya tatu! Kwa nini dirishani? Kwa sababu viti havikuwepo.

— Au vilijaa, alidakia Wakili.

Wakili ni kinyozi. Sheria hajasoma hata ukurasa, ila hajawahi kushindwa kesi akiwa na wembe shingoni mwa mtu.

— Vilijaa kwa ushahidi gani?

— Mtu hakai dirishani kwenye nyumba yenye nafasi, mzee wangu. Kanisa lilikuwa la moto, watu wamebanana. Haba na haba hujaza kibaba!

— Na akasinzia, akaanguka, alisema Mama Kahawa, muuzaji wa pale kijiweni, akimimina huku kainua birika juu ya kichwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Huyo alikufa kabisa, mama, si guu, alisema Itifaki. Paulo ndiye aliyemrudisha.

— Basi ashukuru. Wengine tunasinzia na hakuna wa kuturudisha.

Fundi alicheka, halafu akakumbuka mbao zake na kicheko kikamkauka.

— Sasa nikate nini?

— Madirisha! alisema Itifaki. Kata madirisha mapana, kila muumini na lake.

— Na magodoro chini, alisema Mama Kahawa.

Hapo akatokea mama mmoja mjamzito, tumbo limetangulia, mkononi kashika kigoda kilichovunjika mguu.

— Hamjambo kaka zangu? Shikamoo, mzee. Nimeleta kigoda.

— Marahaba, mwanangu, alisema Itifaki. Karibu, karibu sana.

— Subiri kidogo tu, dada, alisema Fundi. Tunatafuta ukweli hapa.

Mama akasubiri. Akaegemea mlango, akaupa mguu mmoja mzigo, kisha mwingine.

— Mimi nasema hivi, aliendelea Wakili. Ghorofa ya tatu haikuwa bahati mbaya. Walipanga! Aliyeokoka kweli anapanda, mnafiki anachoka ghorofa ya kwanza. Fundi, achana na viti. Tengeneza ngazi.

— Wewe! Tunaokolewa kwa neema, siyo kwa ngazi! alifoka Itifaki.

— Wala kwa maumivu ya mgongo, alisema Mama Kahawa. Viti viwe na egemeo.

— Egemeo limeandikwa wapi?

— Na hiyo kofia yako, mzee, imeandikwa wapi?

Benchi zima likacheka, ila Itifaki alikuwa bado na risasi. Akanyanyua kidole.

— Viti vilikuwepo! Nimekumbuka. Yakobo mbili, tatu. Tajiri anaingia na pete yake, wanamwambia, kaa hapa pazuri. Maskini anaingia, wanamwambia, wewe simama pale. Yakobo akawakemea vikali!

— Dakika tano zilizopita ulisema havikuwepo.

— Mwenda pole hajikwai, kijana. Naufikia ukweli kwa hatua.

— Basi vilikuwepo, alisema Fundi, akiishika penseli kwa matumaini. Vya namna gani? Virefu? Vifupi? Na mchungaji nimtengenezee kikubwa?

— Hapana! alisema Itifaki. Sote ni makuhani, Petro kasema. Viti sawasawa!

— Sawasawa vipi, na wewe mfupi, mimi mrefu? alisema Wakili.

— Miguu yako ikatwe, basi!

— Kaka zangu, alisema yule mama mlangoni. Naomba kuuliza.

— Uliza, dada, alisema Wakili kwa ukarimu mkubwa. Hapa kila swali lina jibu.

— Nimekuwa nikitamani kuja Jumapili. Sasa nikija, na hali yangu hii, nitakaa wapi?

Mama Kahawa aliacha kumimina. Fundi alimtazama yule mama, akaitazama miguu yake iliyovimba, kisha akalitazama benchi walilokalia wanaume watatu tangu alipofika. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

— Kaa hapa, dada! walisema Fundi na Wakili, wakaruka wima kwa pamoja.

Itifaki akabaki peke yake ncha ya huku. Benchi likanyanyuka ncha ya kule, na karani mstaafu akashuka mavumbini na kikombe chake.

— Eutiko! alipiga kelele Mama Kahawa. Na hata hajasinzia!

Walimwinua akiwa mzima, kofia imejaa kahawa, akicheka mpaka machozi. Wakalisimamisha benchi, wakamketisha mama katikati. Fundi akapiga goti mbele yake, akapima kwa futi kamba kutoka kisigino hadi goti.

— Mgongo unauma wapi, dada?

— Hapa chini.

— Egemeo litaanzia hapo.

Akaandika kipimo ukutani, akaingia ndani, na msumeno ukaanza kulia.

Nje Wakili aliligeukia benchi, akaona mama kanyoosha miguu juu yake, kapumzika.

— Na sisi, je, tutakaa wapi?

— Yakobo mbili, tatu, alisema Itifaki, akikamua kofia. Wewe simama pale.