Filimu ya Kucheka Tuliyoililia

Sogeeni karibu. Aliyesimama akae, na yule anayekoroga sukari aache kijiko kipumzike, maana hii habari haitaki makelele. Ni habari ya ubao wetu wa kukalia, pembeni ya gare, kituo cha treni cha Kindu, mahali miye nauzisha kahawa ya tangawizi tangu zamani, treni ilipokuwa ikifika siku iliyosemwa. Wenye ubao ni wanaume watatu. Octave tunamuita Filimbi, kwa sababu alikuwa mukubwa wa treni na mpaka leo hawezi kusimama pasipo kuangalia saa. Fabien anatengeneza baiskeli. Tunamuita Pompi, na haiko kwa sababu ya kazi tu, akianza kusema anajaa upepo. Wa tatu ni Mardochée, ndiye Sauti. Wakati wa vita alikuwa na nyumba ya video, na alisimama kando ya televisheni akitufasiria filimu za Kingereza. Sasa parokia ilikuwa inatafuta mukalimani wa padri mugeni, muntu wa Kingereza, atakayefika Jumapili. Mardochée aliitaka ile kazi mpaka mate yanamukauka. Wazee wa parokia walikuwa wamemuachia Octave neno la mwisho, alilete saa kumi ya siku ile.

Shida ni kwamba jana yake Mama Kavuo, mwenye duka kutoka Butembo, aliweka filimu kwenye televisheni ya dukani. Ilikuwa ileile ya wakati wa vita, ya magari ya kushindana. Vijana walicheka mpaka wakashika ukuta. Sisi wazee tulisimama nyuma yao kama watu wa maziko, na Fabien akavua kofia.

Basi kesho yake Fabien akaanza:

— Mama Kavuo, jana uliuzisha biskuti ngapi juu ya maiti?

— Maiti gani? Mama Kavuo akasema. Ni magari yanazunguka. Watoto walifurahi.

— Watoto hawajui kitu. Ile njo filimu ya barabara iliyofungwa. Sauti alitueleza vizuri.

Alitueleza, ni kweli. Mwaka ule muji ulikuwa umezungukwa. Treni ililala. Upande wa Kibombo bariyeri ya askari, upande wa Pangi bariyeri, na mwenye kwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi.

— Magari arobaini, Octave akasema, yanazunguka mahali pamoja. Kushoto, kushoto, kushoto. Ingekuwa filimu ya kucheka, hata mumoja angekata upande wa kuume.

— Upande wa kuume iko ukuta.

— Njo nasema, mama. Iko ukuta.

— Na wale wenye kuruka ukuta wakati gari linasimama? Fabien akaongeza. Watu sita, kufumba na kufumbua wametoa mipira yote mine ya magurudumu. Miye nafanya kazi ya mipira miaka makumi tatu. Fundi haendi mbio vile. Vile anaenda mwizi.

— Lakini wanaweka mingine.

— Ya zamani.

Mama Kavuo akaomba kikombe cha pili. Muntu akibishana na hawa, kimoja hakitoshi.

— Na umeona shofere anapita wapi? Fabien akaendelea. Anapita kwa dirisha. Kwa nini apite kwa dirisha, muntu mwenye gari yake? Milango wamekwisha kuiba.

— Bendera pia, Octave akasema. Kwenye reli nyekundu ni simama, kijani ni pita. Ile ya vyumba vyumba, nyeusi na nyeupe pamoja, maana yake ni serikali mbili kwa nchi moja. Wakiitikisa, kila muntu anafanya anavyotaka.

— Na wale maelfu wenye kukaa juu wakiangalia?

— Wakimbizi. Wanangoja treni.

— Wakimbizi wenye kula nyama na kunywa soda?

— Musaada ulifika siku ile.

— Ee. Na mwisho, yule wanayemumwagia maji ya mapovu?

Fabien akapunguza sauti.

— Wanamuosha. Alikwisha kufa.

— Lakini anacheka, Fabien. Meno yote iko nje.

— Weye umeona maiti wangapi?

Mardochée alikuwa anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

Hapo akafika Arielle, mujukuu wa Mama Kavuo. Alitoka Butembo siku mbili tu zilizopita, na kule anafundisha Kingereza. Akatuamkia wote, akaketi kwenye kreti ya chupa, akasikiliza kidogo.

— Wazee, akasema, ile filimu ni ya muntu munene mwenye kupika mikate. Alipanda gari la mashindano akizani ni gari la kupeleka mikate sokoni. Hajui kusimamisha. Njo maana anazunguka.

Octave akageuka polepole.

— Sauti. Ulituambia yule munene ni muntu wa mwisho aliyebakia kijijini Tunda.

Mardochée akaendelea kupuliza.

— Ulituambia anaita muke wake.

— Anaita muntu wa kumuletea breki, Arielle akasema.

Fabien akaanza kucheka, tumbo likamutikisika. Tangu mwanzo alikuwa akimutetea, sasa alikuwa wa kwanza kumugeuka.

— Jumapili itakuwa tamu, akasema. Padri atasema Bwana amefufuka, Sauti atatuambia wamemuvunja muguu.

— Weye cheka, Octave akamujibu, lakini miye niko na saa moja tu. Mardochée, sikiliza. Kama ulijua Kingereza, ulitudanganya, na mwongo hasimami karibu na altare. Kama hukujua, huwezi kazi. Nipeleke jibu gani kule?

— Peleka unalotaka, Mardochée akasema.

Arielle aliona amemuaibisha muzee. Ni mutoto mwenye adabu. Akataka kugeuza maneno.

— Hata yale maandishi kwenye magari, akasema, ni matangazo tu. Mafuta ya injini, sabuni.

Fabien akaacha kucheka.

— Hapana, binti. Yale ni majina.

— Majina ya nani, Papa Fabien?

Nikajibu miye. Wakati ule matanga yalikuwa yamekatazwa. Mukikutana watu watano uani, askari wanauliza munapanga nini. Lakini kwa video hakuna aliyeuliza. Askari wenyewe waliingia bure, wakakaa nyuma, wakacheka mpaka mwisho. Sisi tulikaa mbele, vitenge mudomoni. Na gari likipita, Mardochée alisoma ubavuni mwake: Kizito mwana wa Anne, barabara ya Kibombo. Gari lingine: Louis na muke wake, shambani. Kabla ya filimu wanawake walipita karibu naye mulangoni, mumoja mumoja, kila muntu na jina lake. Na miye nilipita. Jumamosi ya tatu gari la kijani likazunguka, na kila lilipopita Mardochée alisema: Florentin huyo, anapita. Florentin njo mume wangu. Sijapata matanga mengine yake.

Arielle aliweka kikombe chini.

— Papa Mardochée, akauliza, ulijua ni filimu ya kucheka?

Octave aliangalia saa yake, lakini hakuisoma. Fabien alishika gurudumu la baiskeli lisilokuwa na shida yoyote. Mardochée aliangalia ndani ya kikombe, mudomo ukafunguka, ukafungika. Na miye niliomba moyoni asijibu. Akisema alijua, nitamushukuru namna gani? Akisema hakujua, nitamushukuru nani?

Nikainua birika kuwaongezea. Lilikuwa tupu.

Octave akasimama.

— Kingereza kitakuwa cha huyu mutoto, akasema. Weye, Sauti, vaa shati safi, tuende wote.

Basi mujue nani alirithi nini. Arielle alipata ukalimani, na padri mugeni alipofanya muchezo wa maneno tulicheka pamoja naye, kwa wakati wake. Mardochée alipewa kusoma majina ya marehemu kila Jumapili, na alisoma mpaka yeye mwenyewe akafariki. Televisheni yake ilibakia kwa binti yake Claire. Alitoa vyuma vya ndani na kuku wanataga humo. Kazi ya majina alirithi Fabien. Anasimama mbele yetu na karatasi yake karibu na macho, kama muntu wa masomo makubwa. Miye nakaa musitari wa kwanza. Sikusoma, lakini karatasi isiyoandikwa kitu naijua, na yake ni nyeupe pande zote. Na hajaruka jina hata moja.