Maneno ya Kibati cha Nev

Upepo wa Grimsby, mji wa bandari kule Uingereza, unanyoa ndevu bila sabuni, lakini benchi la nje ya duka la mikate halijawahi kukosa watu. Asubuhi hiyo walikuwepo wawili wa kudumu: Injini, fundi wa mabasi mstaafu, na Chumvi, aliyevua samaki mpaka bahari ikamchoka. Katikati yao alikaa Edna, dada wa marehemu Nev Garbutt, mpiga gitaa la besi wa bendi ya Taa za Ukungu. Benchi lilikuwa lipigiliwe kibati cha shaba chenye jina la Nev, kama wanavyofanyiwa marehemu wa kule waliopenda kukaa mahali, na fundi wa kuchonga alikuwa anangoja simu ya Edna kabla ya saa sita mchana. Maneno machache tu. Injini alikuja na yake tayari, na ndani yake kulikuwa na Clifford, yaani yeye mwenyewe.

— Andika: “Alifundishwa besi na rafiki yake Clifford.”

Chumvi akapaliwa na kahawa.

— Wewe? Hata kengele ya mlango inakushinda!

— Nani alimwambia ashike besi? Magitaa yote yalishagombaniwa, nikamwambia, Nev, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Akainama miaka thelathini. Ndiyo maana mgongo ulimuuma.

— Mgongo ulimuuma kwa kulala kwenye gari la bendi, juu ya spika, kama paka. Dada Edna, andika alitetemesha nchi. Walipopiga pale bandarini, samaki walipanda nchi kavu wenyewe. Niliokota kwa mikono hii!

— Samaki si kitu. Kule mjini Leeds alipiga noti moja, bibi kiziwi akasikia. Neno lake la kwanza: akamwambia mumewe anyamaze.

Edna akacheka, halafu akajifuta macho.

— Nyie mnacheka. Kwenye magazeti walimkata kila picha, kinabaki kiwiko. Mama alikuwa anavibandika jikoni vile viwiko. Nikikosea hapa, kaka yangu ndiyo kaisha.

Injini akalainika.

— Basi sema mwimbaji wa bendi alipomwita London, Nev alibaki kumuuguza mama yenu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni yuko wapi hapo?

— Methali haihitaji mgeni, Chumvi!

Mama mmoja aliyehamia mtaa ule juzijuzi, kashika kamba ya mbwa wake, alikuwa anasubiri mkate na kuwasikiliza.

— Samahanini. Mimi sikumjua. Hebu niimbieni kidogo, besi yake ilikuwa inakwendaje?

— Rahisi! Injini akaimba kwa sauti ya kuamsha wafu.

— Hayo maneno ya mwimbaji, Edna akasema.

Chumvi akajaribu: ting, tiriting.

— Hilo gitaa la yule mwenzao mrefu, Edna akamkatiza.

Edna mwenyewe akafumbua mdomo. Ukamtoka wimbo wa mwimbaji. Miaka thelathini ya besi, na watatu wale hawakuwa na hata kipande.

Kila mtu akautafuta wimbo kichwani. Mbwa ndiye aliyegundua kwanza, akanusa kiatu cha Injini. Kiatu kilikuwa kinagonga lami. Du, du-du. Du. Cha Chumvi nacho, vilevile, bila kukosana hata chembe. Edna akainama kuangalia, akakuta na chake kimo.

— Jamani, akanong'ona. Huyo hapo.

Hakuna aliyethubutu kusimamisha mguu. Edna akatoa simu.

— Bwana fundi? Andika jina lake. Chini yake weka: “Mguu wako unamjua.” Basi. Hakuna lingine.

Akamgeukia Injini.

— Au ulitaka niongeze kitu, Clifford?

Injini akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa anaogopa kupoteza mapigo.